Hesabu ya Waliopanda



Huku Guangzhou kuna mtaa unaitwa Dengfeng, katika wilaya ya Yuexiu. Jina lake kwa Kichina ni kama kusema kupanda mpaka kileleni, ingawa sisi tuliokuja kutafuta mzigo tunaujua zaidi kwa vichochoro vyake vya bondeni: Xiaobei, jengo la Tianxiu, na ule uchochoro wa Baohan unaokula nyama ya kuchoma mpaka usiku wa manane. Kabla ya 2020 tulikuwa wengi sana hapa. Sasa tumepungua, lakini bado ukisimama nje ya kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Xiaobei hutamaliza nusu saa bila kusikia Kiswahili.

Mgeni akifika mji huu, jambo la kwanza baada ya kuweka begi chini ni kuandikishwa polisi. Sheria inampa saa 24. Akilala hotelini, hoteli humwandikisha. Akilala kwa rafiki, yeye na mwenye nyumba huenda kituoni na pasipoti mkononi. Sote tumelalamika juu ya jambo hili, na hatukulalamika bure. Mwezi Julai 2009 Waafrika wa mtaa huu waliandamana mpaka kituo cha polisi baada ya mtu mmoja kuumia vibaya alipokuwa akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Orodha ya majina inaweza kuwa nyavu, na anayenaswa ndani yake hawezi kuisifu.

Lakini mimi ni mtu wa Pemba, na leo nataka kuzungumza juu ya orodha ya namna nyingine.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011 niliamshwa na simu kabla ya jua kupanda. Guangzhou iko mbele ya nyumbani kwa saa tano, kwa hiyo kwao ilikuwa bado usiku mkubwa. Aliyepiga alisema meli ya Pemba imezama Nungwi, akakata. Kufikia mchana tulikuwa watu kama kumi katika duka la mwenzetu mmoja, kila mtu na simu yake, tukipiga Mkoani, Chake na Wete. Mmoja wetu alichukua ubavu wa katoni ya viatu akaanza kuandika kwa kalamu ya wino mzito majina ya watu ambao jamaa zao walidhani wamo. Nasema walidhani kwa makusudi. Hakukuwa na mahali pa kuuliza tukajibiwa kwa yakini kwamba fulani kapanda au hakupanda. Jina moja lilikatwa baada ya saa mbili: mwenyewe alipokea simu yuko Darajani, usingizi ulimpita akaikosa meli. Mengine hayakukatwa.

Meli ile, MV Spice Islander I, ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua kiasi cha abiria 600 na mabaharia wake. Iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9, siku chache tu baada ya sikukuu ya Idi, wakati watu wanarudi makwao na vyombo vya nyumba, magodoro, mchele na saruji. Saa saba za usiku ikazama katika mkondo wa Nungwi, pale ambapo kila Mpemba anajua kuwa bahari hubadilika sauti. Walioponea juu ya magodoro na majokofu waliokolewa asubuhi na wavuvi na boti nyingine.

Siku za mwanzo serikali ilitaja waliokufa kuwa mia mbili na kitu, maana ndizo maiti zilizopatikana. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake Januari 2012, hesabu ilikuwa nyingine kabisa: maiti 203, na watu 1,370 ambao hawakuonekana tena. Jumla 1,573. Tazama tofauti iliyopo baina ya hesabu mbili hizo. Hao 1,370 hawakutoka katika daftari la meli. Walitoka vinywani mwa jamaa zao, waliokwenda mmoja mmoja kusema kwamba mtoto wangu, mume wangu, dada yangu alisafiri siku ile na hakufika. Yaani watu wale waliandikwa kuwa ni abiria baada ya kuwa wamekwisha kufa.

Tuanze sasa mbali kidogo, ili tujue tulifikaje hapo.

Pemba ni kisiwa ambacho Waarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na kwa karne nyingi kilifikiwa kwa jahazi na mashua tu. Kina bandari za asili kila upande wa magharibi, na watu wa Wete walikuwa na udugu na Tanga, Shimoni na Mombasa kuliko walivyokuwa nao na mjini Unguja. Karafuu ndiyo iliyobadilisha njia. Tangu karne ya 19 mzigo wa Pemba ulitakiwa upite Unguja, kwa sababu ndiko kulikokuwa na soko, ushuru na Serikali. Kwa hiyo Pemba, iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja, ikawa ndiyo inayongoja chombo kutoka Unguja. Hali hii haikubadilishwa na ukoloni wala na Mapinduzi. Meli za serikali zilikuwepo, na miaka ya 1970 tukaipata MV Mapinduzi ya kwanza, ambayo watu wa rika langu waliijua kama ndugu wa ukoo: ikiharibika, kisiwa kizima kilijua, ikitoka matengenezoni, watu walikwenda gatini kuitazama tu.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipofunguliwa Zanzibar, vyombo vya watu binafsi vikaingia. Safari ziliongezeka, hilo tusilikatae. Lakini vingi vya vyombo hivyo vilikuwa vimekwisha kustaafu kwingine. Mimi mwenyewe nilisafiri miaka ya 1990 katika meli moja ambayo sitaitaja. Nililipa nauli kwa mtu aliyesimama kwenye ngazi. Hakunipa kipande cha karatasi, hakuniuliza jina, akaiweka noti mfukoni mwa shati. Nililala sitahani, baina ya magunia na mama mmoja aliyekuwa na watoto watatu, na huyo mama naye alilipia nafsi yake peke yake. Tulifika salama, tukasahau.

Hapa pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Tunapenda kusema kwamba majina hayaandikwi kwa uzembe. Si uzembe. Orodha ya abiria ni daftari la fedha vilevile. Abiria aliyeandikwa ni nauli iliyoandikwa, na nauli iliyoandikwa ina mwenyewe, ina kodi, ina hesabu. Abiria asiyeandikwa ni noti iliyoingia mfuko wa shati. Kila mtu aliyesimama baina ya gati na sitaha alikuwa na sababu ya kupenda jina lako lisijulikane.

Na abiria mwenyewe? Kwa nini alipanda akiona chombo kimejaa? Kwa sababu alijua kinachofuata ni lini. Kama chombo cha bei ya kawaida kinakwenda kila siku, mtu atasema nitapanda cha kesho. Kama ni mara chache kwa wiki, na ana mgonjwa, au maiti, au likizo inakwisha, atapanda hata akiambiwa asimame kwa mguu mmoja. Boti za kasi zilikuwepo mwaka 2011, lakini hazikubeba godoro lako na gunia lako kwa nauli ya mkulima wa mhogo. Msongamano wa Spice Islander ulianza zamani, kwa ratiba na kwa nauli, kabla hata nahodha hajang'oa nanga.

Wenzetu wa Ziwa Viktoria waliyajua haya kabla yetu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu kufika Mwanza. Ruhusa yake ilikuwa abiria 430. Orodha iliyokuwepo ilionyesha watu 443, lakini hao ni wa daraja la kwanza na la pili tu. Daraja la tatu, la watu wa nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa. Ndiyo maana mpaka leo utasikia watu 800, wengine wakisema karibu 1,000. Hakuna anayeweza kumsahihisha mwenzake. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na nchi ikaomboleza kwa makadirio.

Baada ya Spice Islander haukupita hata mwaka. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Chombo hiki kina historia yake. Kilijengwa Louisiana mwaka 1989 kwa ajili ya jimbo la Washington, Marekani, kuvusha wafanyakazi katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Kilipochoka huko, kikauzwa mwaka 2011. Bahari ya kusi mwezi wa Julai haifanani na Puget Sound. Zaidi ya watu 140 waliokolewa, na wengi kuliko hao hawakurudi. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu mwezi huohuo, na kwa kuwa kwetu mawaziri kujiuzulu ni nadra, nalitaja hilo kwa heshima yake.

Halafu Ukara. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio Bugolora, MV Nyerere ilibakisha mita chache tu kufika kwenye gati la Bwisya ikapinduka. Ruhusa watu 101. Waliokufa 228, waliookolewa 41. Na walipoulizwa walikuwemo wangapi, jibu likawa kwamba mkata tiketi amekufa pamoja na abiria wake, na mashine yake ya tiketi imezama. Nilipolisoma hilo, nilikaa kitako. Miaka 22 baada ya Bukoba tulikuwa tumepiga hatua kutoka kutokuwa na orodha mpaka kuwa na orodha inayozama na chombo. Nakala haikuachwa gatini.

Msomaji atasema, ewe mtu wa Dengfeng, unataka kutuambia Wachina hawazami? Huzama sana. Novemba 1999 meli ya abiria na magari iitwayo Dashun ilishika moto katika dhoruba na kuzama karibu na Yantai, watu wapatao 280 wakafa ufuko ukionekana. Tarehe 1 Juni 2015 meli ya watalii ya mto Yangtze, jina lake Nyota ya Mashariki, ilipinduliwa na upepo wa ghafla usiku. Siku ya kwanza serikali ilisema walikuwemo watu 458, baadaye ikasema 456, mwisho ikatua kwenye 454, ambao 12 tu ndio waliopona. Hata wao, kwa madaftari yao yote, walisahihisha mara mbili. Lakini walisahihisha watu wanne. Tangu Januari 2017 msafiri wa meli katika njia kubwa za maji huku hukata tiketi kwa jina lake halisi na kitambulisho.

Siku za mapumziko hupenda kwenda mtoni. Mto Lulu unaukata mji huu katikati, na mpaka lilipofunguliwa daraja la Haizhu mwaka 1933 hakukuwa na daraja hata moja la kuuvuka hapa mjini. Watu walivuka kwa sampani. Daraja lenyewe lililipuliwa Oktoba 1949 na jeshi lililokuwa likikimbia, likaunganishwa tena. Leo madaraja hayahesabiki, lakini vivuko havikuondolewa. Vinapita kwa nauli ndogo, mzee na baiskeli yake, mama na kapu la mboga, na hakuna anayesukumana, kwa sababu kingine kinakuja.

Upande wa Huangpu kuna kisiwa cha Changzhou. Hapo karibu ndipo meli za Wazungu zilipolazimishwa kutia nanga zama za biashara ya Canton, na hapo ndipo Sun Yat-sen alipoanzisha chuo chake cha kijeshi mwaka 1924. Kwa miaka mingi ukitaka kwenda huko kutoka mjini unapanda kivuko cha Yuzhu. Desemba 2023 treni ya chini ya ardhi ilifika kisiwani. Nilidhani kivuko kingekuwa hadithi, kumbe watu wa kisiwa wana njia mbili sasa, na mwenye njia mbili halazimiki kupanda chombo kilichojaa.

Kisiwa kinachonipa mawazo zaidi ni Hainan. Mlango wa bahari baina yake na bara la Guangdong una upana wa wastani kama kilomita 30, hautofautiani sana na ule wa Unguja na bara. Tangu 2003 treni hupandishwa melini pale: behewa hukatwa vipande, huingizwa tumboni mwa meli, huvushwa, huunganishwa tena. Nimeipanda. Unalala Guangzhou, unaamka unasikia vyuma vinagongana, na unajua sasa uko baharini ukiwa kitandani mwa treni. Hata hivyo Februari 2018, wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina, ukungu ulifunga njia kwa siku kadhaa na maelfu ya magari yakakwama Haikou. Walichofanya baadaye ni kuagiza kwamba gari lisije bandarini bila kuweka nafasi kwanza. Wangeweza kungojea daraja. Badala yake waliandika nani anavuka lini.

Nalitaja daraja kwa sababu kwetu siku hizi ndilo neno tamu, na si kwa ubaya. Juni 2025 Rais Samia alifungua daraja la Kigongo hadi Busisi, zaidi ya kilomita tatu juu ya ghuba ya Mwanza, kazi ya makampuni ya Kichina, na mtu aliyekuwa akingoja kivuko pale kwa saa nzima sasa anapita kwa dakika chache. Mungu awazidishie. Lakini hakuna daraja la kwenda Pemba, wala halitakuwepo. Upande wa bara mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Ukara nayo bado ni kisiwa. Watu hawa wataishi kwa vyombo.

Na vyombo vimekuwa bora, nisiwe mchoyo. MV Mapinduzi ya pili, iliyojengwa Korea Kusini, ilifika Zanzibar Desemba 2015, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Boti za kasi zilizoundwa Tasmania zimekuwa kitu cha kawaida. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri wa baharini chini ya sheria ya 2009, na bara ina TASAC tangu 2018. Kumbuka lakini kwamba mamlaka ya Zanzibar ilikuwa imekwisha kutungiwa sheria wakati Spice Islander inajazwa.

Si mbali na mtaa wetu, barabara ya Guangta, upo msikiti wa Huaisheng, na mnara wake wa duara wenye urefu wa mita 36 hivi. Inasemekana zamani taa iliwashwa juu yake kuongoza meli, kabla mto haujasogea. Kwa bandari hii, mwaka 1071 na tena 1083, walifika wajumbe wa nchi ambayo vitabu vya nasaba ya Song vinaiita Cengtan. Wanazuoni hawajakubaliana ilikuwa wapi. Wako wanaosema ni Zanj, pwani yetu, na wako wanaoipeleka kwengine. Mimi, bila shaka, nina upande wangu. Kitabu kinasema safari yao ilichukua siku 160 kwa upepo mzuri, na kwamba mara ya pili mfalme aliwazidishia liang 2,000 za fedha. Na kimetaja jina la mjumbe, kwa matamshi ya Kichina: Cengjiani. Karani fulani wa Guangzhou, miaka zaidi ya 900 iliyopita, alimuuliza mgeni aliyeshuka chomboni, wewe nani, akaliandika alivyolisikia.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, kijana wa dirishani aliniomba kitambulisho nilipokata tiketi ya kwenda Pemba. Nikampa. Nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka mitatu hivi, na nikageuka makusudi kusikiliza. Kijana aliandika jina la bibi. Kisha akasema, huyu mdogo halipi, bibi, nenda naye tu.

Nikamwambia, mwandike na yeye. Akanitazama kama mtu aliyezoea wasafiri wenye maneno mengi, akamuuliza bibi mtoto anaitwa nani, akaandika pembeni kwa kalamu, juu ya ile karatasi iliyotoka mashineni. Kisha nikamuuliza kama karatasi ile inabaki pale au inakwenda na meli. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, na hakunijibu.